Neno Lisilo na Dawa

Siku ile filamu ya wajane ilipoonyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa, Hilaria alikaa mstari wa mbele, kitenge kipya kiunoni na mikono mapajani, akijisubiri. Kijiji chao kiko jirani na mashamba ya zabibu ya Makutupora, na mwaka uliopita shirika moja la akina mama lenye ofisi mjini Dodoma lilifika pale likawarekodi wajane kadhaa, yeye akiwa mmojawapo. Siku ya kurekodiwa aliongea Kigogo, maana Kiswahili chake hukwama akipandwa na hasira, na habari yenyewe ilikuwa ya hasira mwanzo hadi mwisho.

Sasa uso wake ukatokea kwenye shuka jeupe, mkubwa kuliko mlango. Midomo ikacheza. Lakini sauti yake ilikuwa imeshushwa chini kabisa, na juu yake akaongea mwanamke mwingine, sauti laini kama ya watangazaji, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alikuja kunirithi. Nilimwogopa sana. Kwa sababu ya hofu ile, nikakataa."

Hilaria akasimama. Kivuli cha kichwa chake kikaangukia uso wake mwenyewe pale kwenye shuka.

"Nani aliogopa?"

Watu wakacheka.

"Nauliza, nani aliogopa? Na huyo anayenisemea ni nani?"

"Kaa chini mama, filamu inaendelea," mwinjilisti akamwambia kwa upole.

"Inaendelea na uongo!"

Alikaa, lakini hakuona tena kilichofuata. Upande wa wanaume, Meshack, shemeji mwenyewe, alichukua kofia yake akatoka bila kusubiri soda. Ni mtu mrefu, mkimya, ambaye kuku wa mkewe humpanda mabegani. Kufika jioni, watoto wa njiani walikuwa wakimwona kwa mbali wanakimbia wakipiga kelele, "Anakuja wa kuogopwa!" na kwao ulikuwa mchezo tu.

Wanaomjua Hilaria wanajua kwamba woga na jina lake havikai nyumba moja. Huyu ndiye aliyemtoa fisi zizini kwa mpini wa jembe, miguu peku, tumbo la mtoto wake wa pili likiwa limetangulia mbele. Huyu ndiye aliyemwambia msimamizi wa shamba la zabibu, mbele ya vibarua wote, kwamba yale maji ya kunywa aliyowaletea ayaonje kwanza yeye. Si kwamba haogopi kitu chochote. Sindano anaziogopa, na akiziona anageuza uso na kumkamata nesi mkono. Hilo analisema mwenyewe bila aibu. Mtu anayeogopa sindano na kukiri, akisema shemeji yake hakumwogopa, ana haki ya kuaminiwa.

Alizaliwa Kibakwe, kwenye vilima na vijito, akaolewa huku kwenye vumbi na Alfonce, mpogoaji wa zabibu. Ndugu zake walimlilia kama anakwenda kufa kwa kiu. Yeye akazoea. Alfonce alimfundisha kushika mkasi wa kupogolea, kutazama jicho la tawi, pale linapochipukia, na kukata juu yake kidogo tu, na baada ya misimu kadhaa Hilaria alikuwa akimwacha mumewe nyuma mstarini huku akimtania kwa sauti ili wenzao wasikie. Walipendana kwa namna hiyo, ya kutukanana kutwa nzima na kula sahani moja jioni. Wakapata mabinti wawili. Kisha Alfonce akapata ugonjwa wa kifua, akakonda, akafa, na Hilaria akiwa bado hajaanika vyombo vya msibani, wazee wa ukoo wa mumewe wakampa Meshack fimbo.

Katika ukoo ule mambo yalikwenda hivi. Fimbo ya marehemu hukabidhiwa mrithi, naye huja nayo asubuhi na kuiegemeza ukutani ndani ya nyumba ya mjane. Ikilala humo, basi, mwanamke keshapata mume. Meshack alikuja na fimbo ya kaka yake macho yakitazama chini. Naye hakuulizwa. Alikuwa na mke wake, Stumai, ambaye hakuulizwa pia. Aliiegemeza, akaaga, akaondoka. Kabla hajafika kwake, Hilaria aliitoa fimbo nje akailaza kwenye kibaraza. Kesho yake ikarudi ndani, nayo ikatoka. Ikawa hivyo mpaka majirani wakaanza kuamka mapema kwa makusudi ya kutazama.

Wazee wakakaa. Msemaji wao alikuwa Mzee Thobias, baba mdogo wa Alfonce, mtu mpole aliyekuwa na subira ya kutisha. Akamuuliza Hilaria sababu, naye Hilaria akafanya kosa analolijutia hadi leo: akampa sababu.

Kwa hasira alisema, "Namchukia!" Haikuwa kweli. Lilikuwa neno la karibu tu, akalirusha. Mzee Thobias uso ukamng'aa, maana chuki ukoo ulikuwa na dawa yake. Mbuzi akachinjwa, pombe ya mtama ikaletwa, Hilaria na Meshack wakanyweshwa kibuyu kimoja mbele ya watu wote, wakapeana mikono. "Haya, chuki imekwisha," akasema mzee. Kesho yake fimbo ikarudi ndani.

Hilaria akatafuta sababu nyingine. Akasema anamwonea kinyaa, ananuka moshi na ng'ombe. Nayo ilikuwa na dawa. Jioni Meshack akaletwa ameoga, amenyolewa, amepakwa mafuta hadi masikio yanameremeta, kavaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alisimama kibaraza akiwa na aibu kiasi kwamba Hilaria nusura amkaribishe kwa huruma. Stumai ndiye aliyekuwa amemsugua mgongo. Mpaka leo kijijini mtu akivaa shati jipya anaulizwa anakwenda kumrithi nani.

Hapo ndipo Hilaria alipong'amua. Hawa watu, kila ukiwatajia ugonjwa, wana dawa mkobani. Basi akanyamaza. Alikaa na ile fimbo kizingitini, ameilaza magotini, akawatazama. Walimuuliza, wakamsihi, wakamtisha kwa kumnyang'anya shamba la uwele la bondeni, na kweli wakamnyang'anya. Hakujibu neno. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, kwa jinsi alivyo na mdomo. Mvua ziliponyesha wazee wakaenda kulima, na shauri likafa lenyewe. Aliwasomesha mabinti kwa mkasi, akipogoa zabibu za watu wengine. Fimbo ya Alfonce iko ndani kwake hadi sasa, aliiweka kwa mkono wake mwenyewe.

Hiyo ndiyo habari aliyowasimulia wale wenye kamera. Nao wakaibeba, wakarudi na mwanamke mwoga.

Asubuhi baada ya filamu, akiwa anapepeta uwele, akaona Penina anaingia uani. Penina alikuwa mke wa Joshua, mtoto wa ndugu mwingine wa Alfonce, na Joshua alikuwa amezikwa kabla ya mvua kuanza. Kijana bado, mtoto wa kiume mgongoni, macho yamemwingia ndani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Sikulala." Penina akachutama, akaanza kuokota mawe kwenye ungo bila kuambiwa. "Jana nimeitwa kwa babu Thobias. Amesema Jumamosi ukoo unakaa. Fimbo ya Joshua anapewa Elieza."

Elieza alikuwa mdogo wake Joshua.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema sitaki. Nikasema, mbona mama mkubwa Hilaria alikataa na mbingu hazikuanguka? Babu akacheka. Akasema, mama yako mkubwa alikuwa na hofu tu, si umemsikia mwenyewe kwenye filamu? Akasema hofu ya zamani ilikuwa na maana, Meshack alikuwa mtu wa miraba minne. Wewe Elieza utamwogopea nini? Elieza hata jogoo hajui kuchinja." Penina akainua uso. "Ni kweli, mama mkubwa? Ilikuwa hofu?"

Hilaria akaweka ungo chini. Miaka yote ile alidhani kwamba alichokifanya pale kizingitini kilikuwa chake peke yake, wakifurahi wasifurahi. Sasa aliona kwamba wanawake waliomfuata walikuwa wamekiegemea, na mtu amekuja amekiondoa. Aliumia kwa ajili ya Penina, na akaona haya kama vile kweli alikuwa amelisema lile neno.

"Haikuwa hofu," akasema. "Na kabla ya Jumamosi, waliosema hofu watasema vingine. Niangalizie hawa kuku, nakwenda mjini."

Ofisi ya shirika ilikuwa ghorofa ya juu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kijana aliyemfungulia mlango alimkumbuka mara moja, na kwa jinsi alivyobadilika rangi ilionekana alikuwa akiitarajia siku hii. Aliitwa Nathan, Mgogo wa baba na mama, aliyesomea lugha chuo kikuu pale pale Dodoma. Yeye ndiye aliyekuwa amemhoji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiwe uliyenitia woga?"

Nathan akamwekea kiti. Akamweleza, bila kukwepa, kwamba maneno yake ya Kigogo aliyatafsiri kwanza kwa Kiingereza, kwa ajili ya wafadhili, kisha mtu mwingine asiyejua Kigogo akayatoa kwenye Kiingereza na kuyaweka kwenye Kiswahili, kwa ajili ya vijijini.

"Kwa hiyo nimetoka kwetu jasiri, nikazungushwa Ulaya, nikarudishwa mwoga."

"Ndivyo ilivyotokea, mama."

"Hebu nisikie nilichosema mimi."

Akamchezea kwenye kompyuta. Hilaria akasikia sauti yake, hasira yake, na Kigogo chake cha Kibakwe ambacho wakwe zake hukicheka. Alipofika kwenye fimbo, sauti ile ikasema: mwili wangu ulikataa. Wala haikusema kitu kingine.

"Hapo wewe ukaandika nini?"

"Niliandika *afraid*. Kwamba uliogopa."

"Mwanangu, mwili kukataa na kuogopa vinafanana wapi?"

Nathan akaangalia mezani. "Nililisikia vizuri, mama. Ila nikaona haya. Mtu mzima kama mama yangu, anaongea habari za mwili wake na shemeji yake, halafu mimi niandike vile vile watu wasome? Nyumbani kwetu hata kulitamka siwezi. Nikakutafutia neno lenye nguo."

Hilaria alikuwa amekuja amejiandaa kugomba. Angekuwa na mtoto wa kiume, hivyo ndivyo angemlea. Na bado ile adabu nzuri ilikuwa inakwenda kumwoza Penina siku ya Jumamosi.

Wakati huo akaingia Evarista, mkuu wa filamu, miwani kichwani, simu mbili mkononi. Akasalimia, akasikiliza habari yote, na ya Penina na Elieza pia, akakaa. Hakuwa mtu wa dharau, ila alikuwa mtu wa kazi.

"Mama Hilaria, filamu imekwisha na imeshatumwa. Na nikuambie ukweli, hofu inaeleweka. Mtu yeyote duniani akimwona mwanamke aliyeogopa, anamhurumia."

"Sikuomba kuhurumiwa."

"Najua, lakini filamu ina kazi yake."

"Basi toeni uso wangu. Mtafuteni mwoga mumrekodi, wapo. Mimi mnitoe, na nyumba yangu muitoe, na mbuzi wangu muwatoe, maana nao wameonekana."

Bila ule uso filamu ingebaki kiwete, na wote watatu walilijua hilo. Evarista akavuta kiti karibu. "Haya. Tutafute neno. Nathan, mpe maneno, yeye achague."

Hivyo ndivyo mpogoaji wa zabibu alivyokaa na kijana wa chuo wakichambua Kiingereza, naye Hilaria hajui hata namna ya kumwomba mtu maji kwa lugha hiyo. Nathan alijua kazi yake. Hakumpa tafsiri za kamusi, alimpa watu na vitu.

"Lipo *dislike*," akasema. "Hili ni jepesi. Ni mtu asiyependa bamia. Mezani akikosa kingine, atakula huku amenuna."

"Hilo hapana. Watasema atazoea. Mzee Thobias hilo ndilo la kwanza kuniambia: utamzoea, mbona hata mlenda kwenu Kibakwe hamkuupenda, na leo unaula."

"*Dread*. Ni hofu ya kitu ambacho bado hakijafika. Kama mwanafunzi, mtihani ni kesho, tumbo linamkata leo."

"Dawa yake ni kufanya huo mtihani. Watasema mwacheni Elieza aingie, ukimwona kakaa unacheka hofu yako. Hapana."

"*Hate*. Chuki yenyewe. Mtu unamtakia mabaya. Ukisikia kaanguka na pikipiki, unalala usingizi mzuri."

"Meshack?" Hilaria akashtuka kweli. "Yule ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa, na akajikwaa, na hakuliachia. Na hiyo chuki mimi nimeshaitumia, mwanangu. Nilinyweshwa kibuyu."

Nathan akacheka, halafu akaacha, alipoona kwamba yeye hacheki.

"*Disgust*, hiki ni kinyaa. Nzi kwenye uji."

"Nacho nilikitumia. Wakamwosha. Na lile lilikuwa kosa langu, nilimwaibisha mwanaume wa watu na mke wake. Silirudii hata kwa Kiingereza."

Evarista alikuwa amekwisha kuzima simu zake. "Mama, naona hukatai maneno kwa sababu tu si ya kweli. Unayapima yatafanywa nini huko."

"Sasa niyapime na nini kingine? Hapa ofisini neno likikosewa mnafuta. Kule Jumamosi mtoto wa watu anapewa mume."

Chini dukani mtu alikuwa anashusha mabati. Nathan akajikuna kidevu, akaanza taratibu, macho yakiwa kwingine kwa adabu. "Lipo moja. *Loathe*. Ni zito. Ni kuchukia mpaka... mpaka mwili wenyewe unakataa. Akili haijaamua, mwili umeshaamua. Ukilazimishwa, koo linafunga."

Hilaria akageuka. "Lirudie."

Akalirudia. Hilaria akajaribu kulitamka, ulimi ukagonga meno, akaachana nalo. "Ndilo hilo. Lakini silitaki kwa Meshack. Ukiliweka kwa Meshack, umemuua. Ana wajukuu."

"Basi halifai?"

"Ngoja." Alifumba macho. Alikuwa anarudi kwenye ile asubuhi, mlangoni, Meshack akiwa ameshika fimbo. Alimtazama tena yule mwanaume kwa makini, uso wake, mikono yake, aibu yake, na hakuona cha kumtapisha. Kisha akaitazama fimbo, na koo likafunga pale pale kitini. Miaka yote hakuwahi kuvitenga hivi viwili. "Mbuzi wa Alfonce waligawiwa siku ile ile," akasema, sauti imeshuka. "Asubuhi mbuzi, halafu ng'ombe, halafu jembe la kukokotwa, halafu mimi. Nilikuwa nimekaa pale nasikia zamu yangu inakaribia. Hilo neno lako linaweza kwenda kwa kitu? Si kwa mtu, kwa jambo?"

"Linaweza, mama. Linakwenda vizuri sana."

"Basi lipeleke kwa kugawiwa. Nachukia kugawiwa, mpaka mwili unakataa. Na Meshack msafishe. Useme sikumwogopa na simchukii, ni shemeji yangu."

Nathan akaandika. Hakutafuta neno lenye nguo safari hii. Evarista akasoma, akasema Kiingereza kitarekebishwa leo hii, na wafadhili watatumiwa upya.

"Na Kiswahili?" akauliza Hilaria.

"Tutamwita yule dada wa sauti."

"Dada wa sauti akae kwao. Nitasema mwenyewe."

"Ulisema Kiswahili chako kinakwama ukikasirika."

"Kikwame. Watasubiri."

Kikakwama kweli, na mara mbili akakichomekea Kigogo, na Evarista akaviacha vyote kama vilivyo. Nathan akakituma kipande kile kwenye simu ya Penina kabla Hilaria hajashuka ngazi.

Jumamosi asubuhi ukoo ukakaa uani kwa Mzee Thobias, kando ya zizi. Mzee alikuwa amezeeka sasa, na fimbo ya Joshua alikuwa ameilaza mapajani. Elieza alikaa karibu naye, anatafuna kijiti, hana raha. Meshack alikaa nyuma kabisa na kofia yake. Tangu siku ya filamu alikuwa hajakanyaga kanisani. Hilaria alikaa na wanawake, na alikuwa amejiapiza jambo moja: hatofungua mdomo. Akimsemea Penina, atakuwa amemfanyia yale yale aliyofanyiwa na yule mwanamke wa filamu.

"Penina mjukuu wangu," Mzee Thobias akaanza, kwa upole ule ule wa siku zote. "Hofu ya mama yako mkubwa tumeisikia wote kanisani..."

"Samahani babu," Penina akasema. "Filamu imerekebishwa. Naomba msikilize."

Akabonyeza simu, akaipandisha sauti. Sauti ya Hilaria, na kukwama kwake kote, ikatoka: "Mimi Hilaria. Shemeji yangu Meshack sikumwogopa. Simchukii, alimzika ndugu yake vizuri. Ila nilikaa pale wanagawa mbuzi, wanagawa ng'ombe, wananigawa mimi. Nachukia kugawiwa. Mwili wangu ulikataa, na leo hii mkirudi, unakataa."

Wanawake wazima waliziba midomo kwa khanga. Lile neno la mwili lilikuwa limetembea uchi katikati ya uwanja, mbele ya wakwe. Hilaria hakuinamisha uso. Alimwona Meshack amevua kofia.

Mzee Thobias akakohoa. Akaurudia mkoba wake wa dawa. "Na wewe, Penina. Elieza unamwogopa?"

"Simwogopi, babu."

"Unamchukia?"

"Ndiye anayenipasulia kuni tangu msiba. Nitamchukiaje?"

"Unamwonea kinyaa?"

"Hapana."

"Hujampenda tu? Mapenzi yanakuja, mjukuu wangu, yanakuja na mazoea."

"Elieza nampenda kama mdogo wake Joshua."

"Sasa shida iko wapi?"

Hilaria alijiuma ulimi hadi ukauma kweli. Penina alimtupia jicho, hakupata msaada, akamhamisha mtoto kutoka mgongoni kwenda mapajani.

"Shida haiko kwa Elieza. Iko kwenye hiyo fimbo. Nachukia kugawiwa, babu. Mwili unakataa."

Mzee akamtazama Elieza, lakini Elieza hakuwa na kosa la kuombewa msamaha. Hakukuwa na wa kuoshwa wala wa kunyweshwa kibuyu. Wazee wenzake wakatazamana.

"Sasa kwa jambo kama hilo," akasema hatimaye, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "dawa yake ni ipi?"

"Ni kuacha kugawa."

Wote wakageuka. Alikuwa Meshack, amesimama, kofia mkononi, sauti yake kubwa ikiwa haijazoea kutumika. "Baba, mimi nilipewa fimbo kama hiyo nikiwa kijana. Nilitembea nayo asubuhi hadi nikachekwa na kijiji. Nikaogeshwa kama maiti. Hakuna aliyeniuliza, na Stumai hakuulizwa. Wiki hii watoto wananikimbia njiani. Mimi nami mwili ulikataa, ila mwanaume hasemi. Leo nimesema. Mpeni Penina fimbo yake aende nyumbani."

Elieza akakitema kile kijiti alichokuwa akikitafuna, akasema haraka haraka, kama anayehofia kuwahiwa, "Hata mimi."

Ile fimbo ilikuwa bado mapajani kwa Mzee Thobias. Hakutoa hukumu. Hakusema kwamba mila imebadilika wala kwamba ukoo umekubali. Alisema tu kwamba jua limekuwa kali, akajiegemeza ili ainuke, na fimbo ikateleza ikaanguka chini. Wanaume watatu walikuwa karibu nayo. Hakuna aliyeinama kuiokota.

Penina akasimama, akavuka uwanja na mtoto kiunoni, akainama akaiokota mwenyewe.

Njiani, Hilaria akamkuta Meshack amesimama anamsubiri, kofia kichwani.

"Shemeji, kwa hiyo kumbe hukuniogopa."

"Nikuogope wewe, uliyewahi kuchomwa mwiba ukalia mbele ya watoto? Mwambie Stumai nakuja kula. Na usioge."

Meshack akacheka mpaka akashika mti. Jioni ile mbuzi wa Penina walirudi zizini kama kawaida, na aliyekuwa akiwaswaga alikuwa Penina, kwa fimbo ya Joshua.